Alipoutegua: neno moja lililopindua hadithi

Binti huyu alikuwa na miaka 9, yuko darasa la tatu, na kila aliyemsikia akisoma alimsifu. Sauti yake haikuyumba. Alitua kwenye nukta, akapandisha sauti kwenye alama ya kuuliza, na maneno marefu aliyapita bila kujikwaa. Mwalimu wake wa darasa alimleta kwangu kwa sababu moja: akiulizwa maswali baada ya kusoma, alisimulia hadithi nyingine. Hakuwa anajibu ovyo. Majibu yake yalifuatana vizuri, yana mwanzo na mwisho, ila hayakuwa yale yaliyoandikwa.

Naeleza kisa chake kwa urefu kwa sababu watoto wa namna hii tunawakosa mara nyingi. Anayekwama kwenye herufi huonekana mara moja, na kila mtu humkimbilia. Huyu anayesoma kwa ufasaha huku akijitungia maana hupandishwa darasa mwaka baada ya mwaka, mpaka siku anapokabidhiwa kitabu cha sayansi kisicho na picha ya kumwokoa.

Nilimpa ukurasa mmoja wa hadithi ya ndege na mtegaji. Ulikuwa na mchoro: mwanamume ameinama, mikono iko kwenye kamba na vijiti, ndege yuko karibu na vidole vyake. Sehemu iliyotushughulisha ilisema hivi: "Mtegaji alifika alfajiri. Ndege alikuwa ametulia tuli, anamtazama. Alipoutegua mtego, ndege akachomoka, akatokomea msituni."

Akaisoma bila kosa hata moja la matamshi. Nikamuuliza mtegaji amefanya nini.

"Ameweka mtego."

"Na ndege?"

"Amechomwa na kijiti cha mtego."

"Halafu?"

Akanyamaza kidogo, akauangalia tena mchoro. "Amepotea huko msituni. Nafikiri amekufa, mwalimu."

Alisema hivyo kwa huzuni ya kweli. Alikuwa anamlilia ndege ambaye mwandishi alikuwa amekwisha kumwachia huru.

Tuangalie kwa makini jinsi kosa lilivyojengeka. Neno "alipoutegua" alilichukua kama "alipoutega", na irabu moja katikati ikapotea bila yeye kujua kwamba ilikuwa na kazi. Kutoka hapo kila kitu kilifuata mkondo. Kama mtego umetegwa, basi "akachomoka" lazima iwe inahusu kuchomwa, na "akatokomea" lazima liwe jambo baya. Mchoro haukumpinga, kwa kuwa mtu anayetega na mtu anayetegua huinama vilevile. Neno moja lilisomwa kinyume, na mengine mawili yakapindishwa ili yalingane nalo. Mimi nauona huo kuwa ushahidi wa akili inayofanya kazi sana, tena inayotafuta maana kwa bidii. Kilichokosekana ni mahali pa kuanzia.

Kabla ya kumfundisha chochote nilitaka kujua tatizo limekaa wapi. Kwanza nilipima herufi. Nikamwandikia maneno ya kubuni, yasiyo na maana yoyote: libako, temusa, ghonyedi. Akayasoma yote. Kiswahili kinaandikwa karibu sana na kinavyotamkwa, na silabi zake nyingi huishia kwa irabu, kwa hiyo mtoto akishazoea herufi pamoja na zile pacha kama ny, dh na ng', anaweza kutamka neno lolote utakaloliweka mbele yake. Urahisi huo ni neema kubwa. Lakini pia unatufumba macho sisi walimu, maana tunasikia sauti nzuri tukadhani tumesikia kusoma.

Mwaka 1986 watafiti wa usomaji Philip Gough na William Tunmer walilieleza jambo hili kwa hesabu fupi: kuelewa maandishi ni zao la vitu viwili, uwezo wa kuyageuza maandishi kuwa maneno na uwezo wa kuielewa lugha yenyewe. Walisema zao, maana vitu hivyo vinazidishwa. Kimoja kikiwa sifuri, jawabu ni sifuri hata kingine kiwe kikubwa kiasi gani.

Basi nikaupima upande wa pili. Nikafunga kitabu. "Nikikutegea kitendawili, wewe ukapata jibu, umekifanyaje kile kitendawili?"

"Nimekitegua," akasema, bila kufikiri.

Hapo nilikaa kimya kwa muda. Neno alikuwa nalo. Alilijua kwa masikio, alilitumia kwenye mchezo, na alijua kabisa kwamba kutega na kutegua ni vitu viwili vinavyopingana. Ila lilipomjia limevaa a-li-po-u- mbele yake, hakulitambua kuwa ni lile lile.

Swali la tatu ndilo lililonionyesha njia. Nilimuuliza akikutana na neno asilolijua huwa anafanya nini. Akajibu kama anayekariri: "Naangalia picha. Nikikosa, naruka, naendelea kusoma mpaka mwisho." Hakulibuni hilo mwenyewe, alifundishwa. Ni mafundisho yaliyoenea sana duniani, na mzizi wake mmoja ni hoja aliyoitoa Kenneth Goodman mwaka 1967, kwamba kusoma ni aina ya mchezo wa kukisia, ambamo msomaji huokota dalili chache za maandishi na kujaza zilizobaki kwa anachokijua. Hoja hiyo iliwavutia wengi kwa sababu ilimpa mtoto heshima ya kuwa mtu anayefikiri. Lakini mwaka 1980 Keith Stanovich alikusanya ushahidi unaoelekea kwingine: wanaoegemea muktadha ili kulitambua neno ni wasomaji dhaifu, wakifidia upungufu wao. Msomaji hodari huliona neno lenyewe.

Nadhani mkanganyiko wetu mkubwa umelala hapa, kwa hiyo nitakaa kidogo. Muktadha una kazi mbili tofauti, nasi tunazifunga kwenye kifurushi kimoja. Kazi moja ni kumsaidia mtoto kujua neno lililoandikwa ni lipi. Kwa mtoto anayesoma Kiswahili kazi hiyo karibu haihitajiki, herufi zinatosha, na akifundishwa kuangalia picha kabla ya herufi tunampokonya kitu cha uhakika na kumpa cha kubahatisha. Kazi ya pili ni kumsaidia kujua neno alilokwisha kulisoma lote lina maana gani pale lilipo. Hiyo ni kazi halali, na hata mtu mzima huifanya kila siku. Binti huyu alikuwa anafanya ya kwanza pale ilipotakiwa ya pili.

Na hata hiyo ya pili ina mipaka. Mwaka 1983 Isabel Beck, Margaret McKeown na Ellen McCaslin walionyesha kwamba sentensi zinazolizunguka neno hazilingani. Zipo zinazokuonyesha maana waziwazi, zipo zinazokupa harufu tu, zipo zisizokuambia kitu, na zipo zinazokuelekeza kusiko. Ukurasa wetu wa ndege, pamoja na mchoro wake, ulikuwa wa kundi la mwisho.

Wazazi huniambia, "Asome tu vitabu vingi, maneno yatakuja yenyewe." Yatakuja, ila polepole kuliko wanavyodhani. Swanborn na de Glopper, walipozijumlisha tafiti 20 mwaka 1999, walikuta kwamba msomaji akikutana na neno geni katika usomaji wa kawaida, uwezekano wa kujifunza kitu kulihusu ni kama asilimia 15. Kusoma kwingi ni lazima, lakini yule anayejua kulifungua neno hunufaika zaidi na kila ukurasa.

Kwa hiyo nilianza na kuondoa, kabla ya kuongeza. Nilimwambia kwamba kwa wiki mbili mchoro utafunikwa mpaka sentensi iishe. Haikuwa adhabu, na nilimweleza kwa nini: "Picha inajua kidogo kuliko maneno, mwanangu. Tuyasikilize maneno kwanza."

Kisha tukarudi kwenye neno letu. Nilimwomba aweke kidole gumba chake juu ya mwanzo wa neno na kukisogeza polepole kuelekea kulia, silabi baada ya silabi, mpaka kibaki kitu anachokijua. Akafunika a, akafunika li, po, u. Kikabaki "tegua".

"Ni kama kitendawili," akasema.

"Ndani ya tegua unaona neno dogo zaidi?"

"Tega."

"Kimeongezeka nini?"

Aliangalia kwa muda. "U. Hapa katikati."

Sikumwambia kitu kuhusu kauli ya kutendua, yaani umbo la kitenzi linaloonyesha kwamba tendo limebatilishwa. Niliandika tu chini ya neno hilo: funga, fungua. Ziba, zibua. Kunja, kunjua. Panga, pangua. Akayasoma moja moja, na nilipofika "bandika" akanyang'anya kalamu akaandika "bandua" mwenyewe. Halafu akarudi kwenye ukurasa bila kuambiwa. "Kwa hiyo ameuondoa mtego!" Akafunua mchoro, akautazama kama hajawahi kuuona. "Anamsaidia."

Yapo mambo mawili katika tukio hilo ambayo mtu asiyefundisha anaweza kuyapita. La kwanza ni kwamba vile viambishi alivyovifunika navyo vina habari. Tulipovifunua tena nilimuuliza ile u iliyo kabla ya tegua ni nani. Akatafuta nyuma na mbele katika sentensi, akapata "mtego". Ndiyo uzuri wa lugha yetu: kitenzi hubeba ndani yake kidole kinachoelekeza nani ametenda, lini, na nani ametendewa. Kama ingekuwa "alipomtegua", mtendewa angekuwa mwingine kabisa. Mtoto anayezoea kuuliza "huyu u ni nani?" hawezi kusoma ukurasa mzima akiwa kwenye hadithi nyingine, kwa sababu kila kitenzi kinamrudisha kwa wahusika.

La pili ni kwamba "akachomoka" lilijirekebisha lenyewe. Sikuligusa. Mtego ulipokwisha kuteguliwa, kijiti kilichomchoma ndege hakikuwa na nafasi tena. Akasema, "Hakuchomwa. Ametoka haraka, kama unavyochomoa kitu." Chomeka, chomoa, chomoka: alikuwa nayo yote, ilitosha kizuizi cha mbele kiondoke.

Kosa langu lilikuja wiki ya pili, na lilitokana na furaha. Nilimwandalia orodha ya vitenzi virefu, vimekaa peke yake bila sentensi, tukavichambua kama hesabu. Alivipenda. Baada ya siku chache akawa hodari wa kukata maneno, na kusoma kwake kukaharibika. Alisimama kila neno. Sentensi ya maneno manane ilimchukua dakika nzima, na alipofika mwisho alikuwa amesahau mwanzo. Nilikuwa nimempa chombo bila kumwambia kinatumika lini. Tukabadilisha: anasoma sentensi nzima kwanza, kwa mwendo wake wa kawaida. Kama imeeleweka, anaendelea. Kama kuna neno limeziba njia, analirudia hilo moja, analifungua, kisha anaisoma sentensi yote upya tangu mwanzo ili aone kama maana aliyoipata inakaa. Maneno mawili kwa ukurasa yalitosha. Kurasa zilizodai zaidi ya hapo nilizichukua kuwa ngumu mno kwake kwa wakati ule, nikatafuta nyingine.

Kule kuisoma sentensi upya ndiko kulikookoa kazi yote. Mtoto akishapata kanuni huipeleka kila mahali, na si kila u ya katikati inatendua. Siku moja alinitazama kwa uhakika kamili akaniambia kwamba "nunua" maana yake ni kuacha kununa. Nilifurahi mno, kwa sababu kosa la namna hiyo halifanywi na mtu anayekariri. Mwaka 1958 Jean Berko aliwaonyesha watoto wadogo michoro ya viumbe vyenye majina ya kubuni, nao wakayatia maneno hayo wingi sawasawa ingawa hawakuwahi kuyasikia. Ile ilikuwa dalili kwamba wana kanuni vichwani mwao. Nami nilijaribu vivyo hivyo: "Mtu mmoja ameumipa mlango, mwingine akaja akaumipua. Sasa mlango ukoje?" Akajibu, "Umerudi kama ulivyokuwa." Kanuni ilikuwa yake. Ilibaki kuipa mlinzi, na mlinzi ni sentensi. Nilimwandikia, "Mama alinunua kalamu mbili," nikamwomba aijaribu maana yake humo ndani. Alicheka mwenyewe.

"Kijiko" nalo lilitupa somo. Alilifungua likatoka ki na jiko, jiko dogo. Kumbe ukoo wake ni mwiko. Macho hayawezi kuliona hilo, na sikumlaumu. Nilimwambia tu kwamba maneno mengine yana mlango unaofanana na wa nyumba nyingine, na ndiyo maana tunabisha kwanza.

Yapo maneno yasiyofunguka kwa kidole gumba. Tulipofika "maktaba" alifunika ma akabaki na kitu kisichosomeka vizuri, akakata tamaa. Hapo nikabadilisha njia. Maneno mengi yaliyotujia kutoka Kiarabu hayashikwi kwa mwanzo na mwisho wake, yanashikwa kwa konsonanti zinazojirudia. Nikaandika kitabu, katibu, maktaba, nikamwomba apige mstari chini ya herufi zinazopatikana kwenye yote. Akapata k, t na b. Mahali penye vitabu, mtu anayeandika: akaunganisha. Kesho yake aliniletea hukumu, hakimu na mahakama, ameyapigia mistari kwa penseli. Sidhani kwamba kila mtoto wa umri huo yuko tayari kwa hili, na singeanza nalo. Kwake lilikuja kwa wakati.

Na yapo maneno ambayo hayana mlango kabisa. "Bashasha" ni moja. Hakuna mzizi wa kuupata humo, na sentensi iliyosema "Alitupokea kwa bashasha" ingeweza kuwa furaha, hasira au woga. Hapo nilimwambia maana, papo hapo, kwa maneno matano, tukaendelea kusoma. Walimu wengine huona aibu kufanya hivyo, wakimzungusha mtoto kwa maswali mpaka hadithi ipoe. Mimi naona kumwambia mtoto neno ni sehemu ya kufundisha. Kinachohitaji busara ni kujua lipi la kumwachia na lipi la kumpa, na kigezo changu ni kujiuliza: je, anacho ndani ya neno au ndani ya sentensi kitu cha kushika? Kama hakuna, kumwacha ahangaike ni kumfundisha kubahatisha upya, kule kule tulikomtoa.

Hata kamusi ilikaa mahali pake baada ya hapo. Mwanzoni alikuwa ametafuta "alipoutegua" kwenye herufi A, asilione, akahitimisha kwamba kamusi haina neno hilo. Kamusi ya Kiswahili humtaka mtu awe amekwisha kulivua neno viambishi vyake vya mbele ndipo ampe jibu, kwa hiyo mtoto asiyejua kulivua hana njia ya kuingia. Sasa alienda moja kwa moja kwenye T.

Swali nililomwachia mwalimu wake wa darasa, na mama yake ambaye alikuwa akisoma naye jioni, lilikuwa dogo. Badala ya "unafikiri neno hili lina maana gani?", waulize "unaona nini ndani yake?" Swali la kwanza humtuma mtoto akatafute jibu hewani, la pili humrudisha kwenye ukurasa. Mama alikiri kwamba wiki za kwanza zilimpa tabu, kwani mkono wake ulikuwa umezoea kuonyesha picha.

Tulifanya kazi kwa muhula mmoja. Nilimsikiliza mara ya mwisho akiwa na hadithi ambayo hakuna aliyekuwa amemsomea kabla. Kijana katika hadithi hiyo aliruka mtaro. "Alipotua upande wa pili mguu wake uliteguka, akakaa chini asiweze kutembea." Alisoma mpaka nukta, akasimama. Kidole gumba kikaja juu ya neno, kikafunika u, kikafunika li. Midomo yake ilitaja tega, tegua, kwa sauti ya chini.

"Mguu ulikuwa kwenye mtego?" akajiuliza. Akarudi mwanzo wa sentensi, akaisoma tena yote, mtaro, kutua, asiweze kutembea. "Hapana. Hakuna mtego hapa." Akaushika mguu wake mwenyewe, pale kwenye kifundo. "Ni huku ndani. Kilichokuwa kimekaa mahali pake kimeachia."

Nilikuwa nimefungua mdomo ili nimjibu, lakini alikwisha kufungua ukurasa unaofuata.